Matusi Tuliyompa Bibi Kalunde

Enzi zetu sisi tuliokulia Igalula, Mwingereza akiwa bado bwana wa nchi, saa hatukuwa nazo wala hatukuzihitaji. Gari moshi la kutoka pwani likipiga honi kule kwenye kona, mama zetu walijua ni wakati wa kuinjika ugali, na sisi watoto tulijua ni wakati wa kukimbia. Tuliacha mdako hapo hapo, mawe yakabaki kwenye kishimo, tukatimka na vumbi letu mpaka stesheni kuangalia watu. Leo mjukuu wangu anakaa Cheyo, mjini Tabora, ana simu ya kumwonyesha dunia nzima, lakini ukimwuliza jirani wa ukuta wa pili anaitwa nani anakujibu, "Bibi, sijawahi kukutana naye." Sisi tulijua hata jina la mbwa wa mpiga kengele wa stesheni.

Tulisoma shule ya misheni yenye paa la nyasi, tukaandika kwenye vibao vya mawe na kuvifuta kwa mate. Mfukoni ulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, unamumunya kimoja tangu hesabu mpaka dini. Masika tulikwenda porini na mama zetu kuokota uyoga, tukarudi midomo imejaa rangi ya matunda ya mwitu na miguu imeumwa na siafu. Asali tulikula mpaka tukaichoka. Wali ulikuwa wa Krismasi na wa harusi, na mtoto aliyelalamikia ugali wa uwele aliambiwa kwa upole aende akatafute mama mwingine. Siku hizi mtoto anaulizwa atakula nini! Mimi naona ajabu, lakini wakwe zangu hawapendi niseme.

Lakini nikikaa kuikumbuka Igalula, kinachonijia kwanza si michembe wala mdako. Ni kaya ya Bibi Kalunde, na nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na hasira daktari alishanikataza.

Kaya yake ilikuwa nyumba tatu za msonge ndani ya ua wa minyaa, hatua chache tu kutoka kwenye tangi la maji la gari moshi. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Mume wake alikwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, akafia njiani wakati wa kurudi. Waliomzika hawakujua ni nani, na Bibi Kalunde alipata habari baada ya misimu miwili ya mvua, kwa mdomo wa mpita njia aliyekuwapo kwenye maziko, akalitambua kovu alilosimuliwa. Alipomaliza kulia alihama kutoka kwa ndugu zake, akajenga pale karibu na reli.

Kumbukeni, wenzangu, watu walivyorudi kutoka mkonge siku zile. Wenye bahati walishuka na sanduku la bati, blanketi jipya na kofia. Wasio na bahati walishuka wamekauka, wanatetemeka kwa homa, wengine wanashushwa na wenzao kama gunia. Njia ni ile ile waliyopita babu zetu wakibeba pembe kwenda Bagamoyo, tofauti ni kwamba sasa watu walirudi kwa moshi. Hao wagonjwa ndio walikuwa wageni wa Bibi Kalunde. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa.

Na alikuwa na utaratibu wake. Hakuanza kuuliza unaumwa nini. Alipiga magoti mbele ya mtu, akamshika mkono, akamwuliza mambo matatu: "Baba yako nani? Mama yako nani? Umetoka nchi ya mtemi gani?" Ndipo akampa uji wa uwele uliotiwa asali. Kuandika hakujua, kwa hiyo madaftari yake tulikuwa sisi watoto. Kila mtoto alipewa mtu wake wa kumkariri, wewe huyu, na wewe yule. Ulimkariri ukiteka maji, ukamkariri ukiruka kamba, mpaka wapite wafanyabiashara wa ng'ombe au wa karanga wanaokwenda huko. Hapo uliitwa, ukasimama wima, ukayasema. Wa kwangu mmoja namkumbuka hata sasa: Masanja, baba yake Shija, mama yake Ngolo, wa Nzega, karibu na kisima chenye mawe mawili. Baada ya siku kumi kaka zake walikuja na kitanda cha miti, wakambeba. Nilitembea kijijini wiki nzima kifua mbele.

Wengine walikufa, hilo halikwepeki. Aliyekufa kwa Bibi Kalunde alizikwa na jina lake, na aliyemchimbia kaburi alikuwa Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo, mnyapara wa kikosi cha kutengeneza reli, mfupi, mwenye tumbo la kuheshimika. Na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, tangu babu zetu wakipita kwao na mizigo kichwani. Vijana wa leo wanadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu. Utani ulikuwa kazi. Mtani wako ndiye aliyekuosha ukifa, akakuchimbia, na huku anachimba anakutukana mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Mzee Kondo alikuwa akisimama ndani ya kaburi anafoka: "Huyu Mnyamwezi mvivu gani! Kashindwa hata kufika kwao, kaona afie kwangu anichoshe mgongo!" Kisha alimlaza taratibu sana, akamfunika uso mwenyewe.

Na heshima ilikwenda hivyo hivyo. Kwetu mtu mwema hakusifiwa usoni, maana anayekumwagia sifa mchana kweupe alishukiwa ana kijicho. Mtu akitakiwa kutukuzwa mbele ya watu, watani walitangulia kumtukana. Matusi yakiwa makubwa, ujue mtu ni mkubwa. Watani wakimaliza ndipo mzee wa kijiji husimama, husafisha koo, na kusema neno la kweli. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu, kuanzia mwenye mvi mpaka mtoto wa mgongoni. Nalisisitiza kwa sababu baba yangu naye alilijua.

Baba yangu alikuwa karani wa baraza. Alikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, kalamu mbili mfukoni, na baiskeli aliyoipangusa kabla hajajipangusa mwenyewe. Nilimpenda. Kusoma alinifundisha yeye, wakati baba za wenzangu walisema mtoto wa kike atasomea jikoni. Msinione naandika haya mkadhani nilikuwa na chuki naye.

Mwaka ule ilikuja amri kwamba kaya zilizo karibu na reli ziondolewe. Halafu ikafika habari Tabora kwamba yuko mwanamke anayekusanya wagonjwa pale stesheni. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe kuitisha baraza. Wananchi wakisema mwanamke huyu ana faida kwao, ataachiwa kaya yake na serikali itampa sanduku la dawa. Wakisema vingine, ataondoka. Mambo yalikuwa wazi namna hiyo, na hatukuwa na wasiwasi hata kidogo. Nani Igalula angesema vingine?

Siku ya baraza tulifagia uwanja wa stesheni tangu alfajiri. Watoto wa shule tulipangwa mstari wa mbele, tukaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Bwana Shauri alikuwa kijana, shingo nyekundu kwa jua, na Kiswahili alikijua, kile cha kitabuni, kila neno limevaa viatu. Baba alikaa kando yake kwenye meza ndogo, hatua tatu kutoka nilipokaa. Bibi Kalunde alikaa chini kwenye mkeka, amejifunga nguo mpya, macho kwenye vidole vyake.

"Nataka kujua habari za mama huyu," Bwana Shauri alisema. "Ni mtu wa namna gani? Semeni bila hofu."

Mzee Kondo alikuwa ameshasimama. Ninaamini alikuwa amekesha akiyatunga.

"Bwana Shauri, umechelewa kuja!" alianza. "Huyu mama mchawi! Vijana wakishuka kwenye gari moshi anawaroga kwa uji, wakinywa hawataki kuondoka. Ana sumu kwenye chungu, mimi mwenyewe nimeinywa, ona tumbo langu lilivyovimba! Watu wakifa anawavua mashuka. Fisi wa Igalula wamekonda, kwa nini? Kwa sababu maiti zote anakula yeye! Mwondoe, Bwana, tupumue!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamke mmoja wa Kizaramo, mke wa fundi wa reli, akaongeza kwamba hata mume wake Bibi Kalunde alimkimbia kwa sura. Bibi Kalunde, ambaye mkekani alikuwa kama mwali, hakuweza kujizuia. Aliinua kichwa akamjibu Kondo: "Kelele, wewe pipa! Ukifa nitakuviringisha mpaka shimoni, sitachoka kukubeba!" Vigelegele vilipanda. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Mzee Mihayo, mwanangwa wetu, yaani mzee mwenye kijiji, alikwishasimama na fimbo yake. Alisafisha koo. Ilikuwa zamu ya neno la kweli. Bwana Shauri alimwinulia mkono anyamaze, uso umemwiva, akamgeukia baba.

"Karani, unasikia? Uchawi. Sumu. Haya ni kweli?"

Nilikuwa karibu. Niliona baba akiitazama kalamu yake. Jibu lilikuwa fupi sana, hata mimi wa darasa la tatu nilikuwa nalo mdomoni: Bwana, huo ni utani, wanampenda. Baba akasema, "Ndivyo walivyosema, Bwana."

Bwana Shauri aliandika, akafunga kitabu, akapanda gari lake.

Na sisi, wajinga wa Mungu, tulishangilia! Tulidhani mgeni amekolewa, ameridhika hata kabla ya kumsikia mwanangwa. "Kaelewa upesi huyu kijana," walisema wazee. Mzee Kondo alibebwa juu juu. Kwa Bibi Kalunde kulichinjwa mbuzi, na yeye mwenyewe aliugawa mchuzi, akiwaanza wagonjwa wawili waliokuwa wamelala ndani.

Mimi nilikwenda nyumbani na furaha yangu, nikamsimulia mama kila kitu, pamoja na maneno ya baba. Mama aliacha kusonga. Baba alipoingia kula, alimkuta amesimama mlangoni.

"Baba Nyamizi, kwa nini hukumwambia ni utani?"

"Ningeanzaje kumweleza?" baba alisema. "Mtu amesoma yule. Angetuona washenzi."

"Basi katuona wachawi. Hiyo ndiyo afadhali?"

Baba alinawa mikono.

"Gari lake haliendi mbio kwenye mchanga huo," mama alisema. "Baiskeli ile pale."

"Keshaandika, mama Nyamizi. Kilichoandikwa kimeandikwa."

Baiskeli ilibaki imeegemea ukuta, na mama alijifunga kanga akaenda kumweleza Mzee Mihayo. Wazee watatu walitembea kwa miguu mpaka Tabora. Waliwekwa kwenye benchi la nje siku mbili, kisha wakaambiwa walete barua iliyoandikwa na karani wao. Walirudi wakamwomba baba. Alisema ataandika. Wiki ikapita, akasema wino umekwisha. Wino! Nyumbani kwetu nilikuwa nauchezea wino kwa kijiti.

Amri ya kubomoa ilikuja kabla ya barua. Na kazi hiyo kilipewa kikosi cha reli, mnyapara wake Mzee Kondo. Nilimwona akipewa shoka. Alilipokea, akaliweka chini, akakaa kando yake. Akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo, "Mimi ni mtani wake. Nitamzika. Simbomolei." Waliletwa watu wa kikosi kingine, na yeye alihamishwa kituo cha mbali, hatukumwona tena. Mpaka anapanda gari moshi alikuwa anasema, "Mdomo wangu huu. Mdomo wangu huu."

Bibi Kalunde aliondoka asubuhi na furushi moja, kwenda kwa kaka yake Kwihara. Mama alimpa unga wa njiani. Baba alikuwa ndani, dirisha wazi. Bibi Kalunde, ambaye umri wake ungeweza kumzaa, alisimama mbele ya dirisha lile, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, karani."

Mkubwa kumwamkia mdogo! Kisha akajitwika furushi lake, akashika njia.

Kiangazi kile kile alishuka kijana mmoja. Inaonekana njia nzima, toka Morogoro, watu walikuwa bado wanaelekezana: ukizidiwa, shukia Igalula, ulizia kwa Bibi Kalunde. Naye aliulizia. Alionyeshwa uwanja mtupu na minyaa iliyokatwa. Akaenda kukaa chini ya tangi la maji, kwenye ubichi ubichi. Watu walipita wakienda na kurudi, kila mmoja akidhani mwenzake atamchukua, maana kwa miaka yote ile kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kesho yake mchana alikuwa amekufa. Alizikwa na vibarua waliotaka kuwahi chakula, hakuna aliyemtukana wala kumfunika uso. Baba aliandika kitabuni kwa mwandiko wake mzuri: mwanamume, hajulikani.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita vijana sita walikuja kwangu, wamependeza, wana mafaili na fulana za rangi moja. Wanataka kuwaenzi wazee waliojenga jamii yetu. Ukumbi utawekwa majina na picha, kutakuwa na mshereheshaji, keki, na mashada ya maua ya plastiki. Jina la kwanza kwenye orodha yao ni la marehemu baba yangu, karani mwadilifu, mtumishi wa watu. Wanaomba picha na sahihi yangu. Niliwauliza, na Bibi Kalunde? Binti mmoja akaniuliza kwa heshima kama huyo bibi alikuwa na cheti chochote, au kikundi kilichosajiliwa.

Nilitaka kumrushia kikombe. Ndiyo dunia tuliyoijenga hiyo! Zamani tulitukanana hadharani na kubebana migongoni. Leo tunasifiana kwenye vipaza sauti, tunavishana mataji, tunapigana picha tukikabidhiana vyeti, na mzee wa nyumba ya tatu anakaa siku mbili hajala, hakuna aliyebisha hodi. Sifa zimekuwa tele kuliko uji. Na wanaozipata ni wale ambao majina yao yalishaandikwa mahali, kwa sababu kalamu ilikuwa mikononi mwao. Natamani nisikie tena mtu mmoja akitukanwa kama alivyotukanwa Bibi Kalunde asubuhi ile. Natafuta, simwoni wa kustahili.

Niliwasimulia vijana wale yote haya, na chai yao ikapoa. Sikutia sahihi. Mkubwa wao, kijana mpole, aliweka mkono kifuani.

"Bibi, ni mambo ya zamani sana," alisema. "Huyo ni baba yako. Msamehe."

Nikamwambia baba nilimsamehe zamani, kabla hajafa, nikimlisha uji kwa kijiko. Aliogopa, basi, na woga hata mimi ninao. Lakini mwenye haki ya kusamehe ni yule kijana wa chini ya tangi, na watu wa Igalula waliompita nao wanauhitaji msamaha wake. Binti yule akafungua daftari lake, akaniuliza kama namkumbuka hata mmoja kati ya waliompita.

Nikamwambia namkumbuka mmoja. Nilimpita mara mbili, nikiwa na ndoo ya maji kichwani, na yale maswali matatu nikiyajua kwa moyo. Sikumwuliza hata moja.